Mashine Niliyoichagua Imemfunga Mtu

Wasomaji, barua hii sikuisubirisha ifike zamu yake kwenye ukurasa huu. Nilimjibu mwenyewe asubuhi ileile niliyoifungua, nikampa dereva wa basi la Migori bahasha mkononi. Sasa naichapisha kwa ruhusa ya mwandishi. Majina nimeyabadilisha, na la chuo nimeliondoa kabisa.

* * *

Mama Leonida, mshauri wetu,

Pokea salamu zangu na uniwie radhi kwa mwandiko huu, mimi ni mwalimu na huwa nawapigia watoto kelele wakiandika hivi, lakini leo ukiona mstari umepanda juu ya mwingine ujue ni mshtuko, si kitu kingine, maana mimi ni Msabato na pombe siijui hata harufu. Nisaidie mama, nimekwama, sina mtu wa kumwambia hapa Migori, kila ninayemfikiria ni wa ukoo wa mume wangu au ni wa kanisa letu, na jambo lenyewe limewagusa wote hao.

Naitwa Risper, nafundisha darasa la tano. Nilizaliwa upande wa Magunga, na marehemu baba yangu alikuwa seremala, yeye ndiye aliyenifundisha kushika randa na msumeno nikiwa msichana mdogo, kwa hivyo wanawake wenzangu wakitoka kazini wanashona vitambaa vya makochi, mimi naingia kachumba kalikoko nyuma ya nyumba natengeneza stuli, rafu, visanduku, na magari ya mbao ya watoto. Siuzi, napenda tu, na Joash mume wangu hajawahi kunikataza, huwa anacheka anasema yeye peke yake Migori nzima ndiye anayenunuliwa misumari na mke wake.

Shida yangu ilikuwa kutoboa. Keekee ya mkono niliyoachiwa na baba inachosha, na tundu likianza kwenda upande halirudi, stuli inasimama kama mlevi, na siku nilipotaka kutoboa vipande vya chuma nitengeneze bawaba, bega liliniuma hata ubaoni nikashindwa kuandika. Basi nikaanza kutafuta ile mashine ndogo ya kutoboa ya kuweka juu ya meza, yenye mota na mpini wa kushusha. Nilienda Kisumu likizo, nikaiona moja mpya dukani, ndogo, nyekundu, nzuri kwa macho, lakini walipoiwasha ikatetemeka mpaka sarafu iliyokuwa mezani ikaanguka, nami nikarudi nyumbani nikijiuliza kama niichukue hiyohiyo ama ningoje.

Kumbe shemeji yangu Cephas amesikia. Huyu ni kaka mkubwa wa Joash, ndiye aliyemsomesha Joash baba yao alipofariki, ni mzee wa kanisa letu, na pia yumo katika kamati ya chuo kimoja cha ufundi cha vijana hapa karibu. Akaja akaniambia, "Nyar Magunga, ya nini uhangaike na vitu vya plastiki vya dukani? Kuna mwenye mgodi kule Osiri amefunga kazi, anauza vyombo vyake. Nitakuletea chuma chenyewe." Huniita hivyo, msichana wa Magunga, tangu nilipoolewa, na huwa nafurahi akiniita hivyo.

Akaileta kwa pick-up jioni moja, imefunikwa turubai. Joash na yeye waliishusha wakihema. Mama, mimi niliikagua mashine ile kama mtu anavyokagua ng'ombe wa kununua mnadani Ogwedhi. Nilikishika kile kichwa kinachobana biti nikakisukuma huku na huku, hakikucheza. Nikabana kipande cha waya ulionyooka nikakizungusha kwa mkono nikitazama ncha, haikuyumba hata kidogo. Nikashusha mpini, ukashuka taratibu ukarudi wenyewe. Meza yake ilikuwa imekaa sawa, mkanda ulikuwa mzima, na ilikuwa nzito kiasi kwamba ukiiwasha hata chai iliyo kando yake haimwagiki. Kitu kimoja tu sikukipenda, rangi yake ya kijani ilikuwa mbichi, imepakwa kwa haraka, na mahali pengine imetiririka. Nilimuuliza shemeji, akasema ni yule wa mgodi alitaka ionekane mpya apate wateja. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Tulimlipa bei tuliyopatana na nikaifunga kwa bolti kwenye meza yangu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo akili yangu inapozunguka. Mwezi huohuo mji wote ulikuwa ukisema mashine za chuo zimeibiwa. Nilisikia sokoni, nikasikia staffroom, nikasikia hata kanisani ambapo Cephas mwenyewe alisimama akaomba Mungu awafichue wezi. Lakini chuo kile hapa kwetu kinajulikana kwa ushonaji, wasichana wetu wengi wamesoma huko, na mtu akisema mashine mimi nafikiria cherehani. Haki ya Mungu mama, haikunijia hata siku moja kwamba mashine ni ile iliyo nyuma ya nyumba yangu.

Aliyekamatwa ni mlinzi, kijana wa Kikuria anayeitwa Mirumbe, alikuwa mgeni kazini. Mke wake Susana ndiye anayeniletea maziwa kila asubuhi, na mtoto wao yumo darasani kwangu. Siku moja baada ya Mirumbe kupelekwa rumande Susana alikuja na maziwa, akasimama mlangoni kwa kile kachumba changu, machozi yanamtoka bila sauti, akaniambia, "Mwalimu, wanasema mume wangu alikata kufuli. Ufunguo alikuwa nao shingoni. Mtu mwenye ufunguo atakata kufuli kwa nini?"

Nikamuuliza, "Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema jioni ile mzee mmoja wa kamati alikuja na gari, akamtuma akamwite meneja kwake nyumbani. Hakumkuta, na aliporudi, gari halipo na stoo iko wazi. Jina la mzee halijui, alikuwa bado hajawazoea. Aliposema hivyo kituoni walicheka. Askari mmoja alimwambia Mkuria hakosi hadithi."

Nilimshika mkono, nikamwambia tuombe, tukaomba pale pale. Halafu kwa huruma nikampa stuli mpya aikalie akiuza maziwa barabarani, stuli ambayo nilikuwa nimetoka kuitoboa miguu. Nimeitoboa na mashine hiyo, mama. Nilimpa mke wa mtu aliyefungwa kitu kilichotobolewa na mashine iliyomfunga mume wake, akanishukuru, akaibeba kichwani akaenda.

Jumapili iliyopita niliamua kuondoa ile rangi mbaya nipake vizuri. Nikachukua msasa, nikaanza kusugua ubavuni, karibu na shina. Rangi ikatoka, chini yake ikaja rangi ya kijivu, na katika kijivu nikahisi kwa kidole kama vishimo. Nikasugua tena. Zikatoka herufi zilizogongwa kwenye chuma kwa nyundo, moja moja, kama wanavyogonga namba kwenye vyombo vya serikali. Nikazisoma. Ni jina la chuo, mama. Jina lote, na mwaka walioletewa.

Nilimwita Joash, akaja akidhani nimejikata. Nikamwonyesha. Nilitarajia aruke, apige kelele, aseme tumedanganywa. Hakuruka. Alizitazama zile herufi, akafunga mlango kwa nyuma, akasema polepole, "Paka rangi, Mama Javan."

Nikasema, "Baba Javan, umesoma?"

"Nimesoma. Paka rangi. Paka mara mbili."

"Ulijua?"

Akasema, "Nilijua haikutoka mgodini. Sikutaka kujua zaidi." Mimi nimeishi na mwanamume huyu, nimezaa naye, nimemzika naye baba yangu, na dakika ile nilimtazama kama mtu niliyemkuta nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Nikamwambia Mirumbe yuko ndani. Akasema, "Najua aliko. Na Cephas alinisomesha. Unataka nifanye nini?"

Kesho yake Cephas alikuja, nadhani Joash alimwambia. Alikaa kwenye kiti chake cha kawaida, akaomba uji, akanywa. Halafu akaniambia kwa sauti ileile anayotumia kutusomea somo la Sabato, "Nyar Magunga, usiharibu nyumba ya mdogo wangu kwa sababu ya chuma. Pale chuoni mashine ile ilikuwa imekaa tu, hakuna mwalimu wa kuifundisha. Mimi niliipa kazi. Na yule kijana atatoka tu, hawana ushahidi. Hawa watu wa huko kwao wamezoea seli."

Wamezoea seli! Mama Leonida, alisema hivyo bado ameshika kikombe cha uji wangu. Huyu ndiye aliyemwekea mwanangu mikono akimwombea. Alipoondoka aligeuka mlangoni akasema, "Kumbuka risiti huna. Iko kwako, si kwangu. Askari wakija watauliza imekutwa wapi." Akanitakia siku njema.

Tangu hapo sijaiwasha. Nimeifunika kwa shuka. Asubuhi Susana akija na maziwa namfungulia dirisha badala ya mlango. Joash hasemi nami ila mambo ya chumvi na maji. Nimewaza kumpa mtu airudishe kwa siri iachwe langoni mwa chuo. Nimewaza kuitumbukiza mto Kuja. Nimewaza kuandika karatasi bila jina niitupie kituoni. Nikisema wazi nitaitwa mwizi, nitapoteza kazi, ndoa itavunjika, na ukoo mzima utanihesabu kama mchawi. Nikinyamaza, Mirumbe yuko ndani.

Nishauri. Na nitaona haya kuuliza hili, lakini nauliza kwa sababu ndilo nililotaka kukuandikia mwanzoni kabla haya hayajanipata: mtu kama mimi, wa kutengeneza vitu nyumbani tu, achague mashine gani ya kutoboa?

Wako katika mshtuko,
Risper

* * *

Risper,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nilipofika kwa yule mzee anayekunywa uji nikalazimika kukaa. Pole. Umeumizwa na watu uliowapikia, na mume wako amekuonyesha upande ambao hukuwahi kuuona. Huo si mzigo mdogo na sitaufanya mdogo.

Sasa nikukaripie. Umeniandikia kurasa hizi zote kuhusu mshtuko wako. Wa Mirumbe umeupa mistari michache. Yeye alitoka nyumbani kwenda kazini, akatumwa na mtu mkubwa, akatii, na kwa kutii kwake amelala kwenye sakafu ya simenti akiambiwa kabila lake ndilo lililokata kufuli. Wewe unalala kitandani ukiwaza mto Kuja. Mwalimu mzima, unataka kutupa mtoni kitu pekee kinachoweza kumtoa mtu gerezani?

Hebu tuyaangalie mawazo yako. Ukiirudisha kwa siri, watasema washirika wa mlinzi wameogopa wakairudisha, na yeye ataonekana mwizi zaidi. Ukiandika karatasi bila jina, itaishia kwenye pipa la taka. Ukipaka rangi, utakuwa umejiunga na shemeji yako kwa mkono wako mwenyewe. Mpaka Jumapili ulikuwa mnunuzi aliyedanganywa. Kuanzia Jumapili wewe ni mtu anayejua, na kila asubuhi unayomfungulia Susana dirisha inakufanya ufanane na Cephas kidogo zaidi. Nimesema. Kasirika ukitaka, lakini endelea kusoma.

Cephas amekutisha na risiti. Anataka uogope kwa sababu yeye anaogopa. Mtu anayeenda mwenyewe kituoni, akiwa na shahidi, akasema hiki kitu kimeletwa kwangu na fulani, siku fulani, kwa gari fulani, huyo si sawa na mtu aliyevamiwa nyumbani akakutwa nacho. Kwa hiyo nenda kabla hujaendewa.

Fanya hivi. Mashine iache ilivyo, na herufi zake wazi, usisugue zaidi wala usifunike kwa rangi. Tafuta mtu mmoja mwenye heshima ambaye si wa ukoo wala wa kanisa lenu. Mwalimu mkuu wako ni mtu wa namna gani? Kama ni mtu wa kusimama, mwambie yote, leo, mlango ukiwa umefungwa. Kama mjini kuna wakili, mpitie kwanza, hata kwa maneno machache tu, ajue jina lako kabla polisi hawajalijua. Halafu nendeni kituoni mchana kweupe, mwombe kuonana na mkubwa wa kituo mwenyewe, si askari wa mezani, utoe maelezo yaandikwe, usomewe, ndipo utie sahihi. Taja na yale maneno ya Susana kuhusu mzee aliyekuja na gari. Mashine isitoke kwako bila karatasi ya kuonyesha nani ameichukua.

Mume wako. Mwambie kabla hujatoka nyumbani. Usimwombe ruhusa, mwambie unakwenda wapi na umpe nafasi ya kuvaa viatu mfuatane. Sidhani Joash ni mtu mbaya. Ni mtu aliyelipiwa karo na amekuwa akilipa deni hilo kwa kunyamaza. Lakini usimngoje. Akikaa, mwache amekaa. Na kama kuna hata dalili ndogo kwamba atakuinulia mkono, yeye au kaka yake, basi usiku huo lala kwa dada yako au kwa mwalimu mwenzako, na mtoto uwe naye.

Ukitoka kituoni usipitie sokoni. Nenda kwa Susana kwa miguu yako, umwambie kwa mdomo wako. Asilisikie kwa mtu mwingine. Usimwombe akusamehe siku hiyo, maana utakuwa unampa kazi nyingine ya kufanya. Mwambie ukweli, umsikilize, uondoke.

Swali lako la mashine, nalo nitalijibu, wala usilionee haya, kazi ya mikono yako haina kosa. Mtu wa kutengeneza stuli nyumbani anatoshwa na ile ndogo ya dukani. Kutetemeka kwake ni kwa sababu haikufungwa. Itie bolti nne kwenye meza nzito ya mbao ngumu, weka mpira wa tairi chini yake, na ukitoboa chuma punguza mwendo wa mkanda na ubane kipande kwenye jiliwa, usikishike kwa mkono hata siku moja, na kitambaa cha kichwa kikaze nyuma. Ifanyie vipimo vyako vyote vile, ulivifanya vizuri sana. Ulikipima chuma chote. Aliyekiteremsha kwenye gari hukumpima, na rangi mbichi uliiona ukaikubalia. Safari nyingine ukiona rangi mbichi kwenye chuma cha zamani, sugua kwanza ndipo ulipe, hata muuzaji akiwa amevaa tai ya kanisa.

Ukimaliza kusoma, inuka.

Mama Leonida

* * *

Risper aliniandikia tena. Nanukuu sehemu tu.

"Mama, nilimwambia mwalimu mkuu wetu, Bi Mong'ina, siku ileile niliyopata jibu lako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkoba wake, akasema, 'Twende kabla hatujapata akili ya kuogopa.' Nikapitia nyumbani. Joash alikuwa amekaa uani. Nilimwambia naenda kituoni kusema mashine ilitoka wapi. Hakuinuka, nami nikatoka.

"Kituoni mkubwa alicheka kwanza, akauliza mwanamke anataka mashine ya kutoboa ya nini. Bi Mong'ina akamwambia, 'Andika, afande, utacheka baadaye.' Akaandika. Walikuja nyumbani na Land Rover, majirani wote wakajaa kwenye ua. Walipoingia kachumbani walimkuta Joash ndani amesimama kando ya mashine, ameitoa shuka. Niliogopa sana mama, nikadhani amefuta herufi. Hakuwa amefuta. Aliwaambia, 'Ni kaka yangu Cephas aliyeileta. Mimi nilishika upande huu, yeye upande ule. Mke wangu hakujua.' Sauti yake ilipasuka aliposema jina la kaka yake, na sijamsikia hivyo hata tulipokuwa tunamzika baba yangu.

"Cephas alikamatwa kesho yake. Mirumbe walimleta amtambue, akamtambua papo hapo kati ya wazee wengine waliopangwa mstari. Mahakama ilimwachilia Mirumbe. Kesi ya Cephas inaendelea, na mimi na Joash tutakuwa mashahidi. Ukoo umetukataa. Mama mkwe alikuja akasimama langoni, akatulaani kwa Kijaluo, akaenda bila kuingia. Kanisani tunakaa benchi la nyuma na benchi lote ni letu.

"Nilienda kwa Susana kama ulivyosema. Nilimwambia. Alikuwa anachekecha unga, akaendelea kuchekecha mpaka ukaisha, nikaondoka. Lakini Mirumbe alipotoka walikuja wote wawili kwangu. Amekonda mpaka shati lina mtu mwingine ndani yake. Niliwapa viti, nikatia chai. Mirumbe hakukaa. Aliniuliza, 'Mwalimu, ulijua lini?'

"Nikasema, 'Jumapili, niliposugua rangi.'

"'Na ulienda polisi lini?'

"'Ijumaa.'

"Akafikiri, akasema, 'Kwa hiyo Jumatatu ulikuwa unajua. Jumanne unajua.' Nikasema ndiyo. 'Jumatano ndiyo walinipiga,' akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayenieleza njia. Joash aliinama akafunika uso. Mirumbe akachukua kofia yake akatoka, akamngoja mke wake barabarani. Susana alibaki amekaa. Aliinywa chai yake yote, akaosha kikombe mwenyewe, akakifunika juu ya meza, akasema, 'Kesho nitaleta maziwa.' Akamfuata.

"Chuo hakijamrudisha kazini. Meneja anasema nafasi imeshajazwa. Sijui nifanye nini tena."

* * *

Risper, unajua.

Bado hujamaliza. Jumatatu, usifundishe kipindi cha kwanza, Bi Mong'ina atakushikia darasa. Mchukue Joash, safari hii asikae uani, mwende ofisini kwa meneja wa chuo. Msiandike barua, nendeni wenyewe. Ombeni kamati yote iitwe, ile ambayo Cephas alikuwa akikaa ndani yake, na muwaambie mmoja baada ya mwingine kwamba mlinzi wao alipigwa akisema kweli. Wakiwaambia nafasi imejaa, kaeni. Wakiwaambia mrudi wiki ijayo, kaeni. Nyinyi ndio mliokuwa mnajua Jumatano ile akipigwa, na mtu mwingine wa kukaa pale kwa ajili yake hayupo.